Mwaka wa korona magari yalipungua barabarani, mbona sisi wa miguu hatukupona?

#1 Mtembezi wa Pipeline

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi kwenye uzi wa foleni kuna jamaa kaandika kwamba 2020 ndio mwaka pekee ambao mtu wa miguu alipumua mjini, eti kwa sababu magari yalikuwa machache. Nimeusoma ule mstari mara tatu. Huyo hakuwa anatembea. Huyo alikuwa dirishani.

Mimi ni mtu wa Mbagala, lakini kuanzia 2019 mpaka 2021 nilikuwa Nairobi, kibarua cha kiwandani Industrial Area, chumba nimepanga Pipeline, Embakasi. Nawaeleza nilichokiona kwa miguu yangu, wa miji mingine mtaongeza.

Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza tarehe 13 Machi 2020. Wiki mbili baadaye, tarehe 27, ikaanza kafyu: saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri usionekane nje. Wakati huohuo matatu zikaamriwa zisijaze. Ile ya abiria 14 ikawa inabeba 8. Nauli ikapanda, na konda hataki mjadala. Sasa wale sita walioteremshwa kwenye kila gari walikwenda wapi? Viwanda vya chakula havikufungwa, mahindi yalisagwa kila siku. Wale sita walikwenda kwa miguu. Mimi nilikuwa mmoja wao, maana kiwanda kilikuwa na basi la wafanyakazi na Aprili wakaliondoa kubana matumizi. Hatukuulizwa, tulikuta tangazo limebandikwa getini.

Outering Road kwa asiyeijua ni barabara pana, njia mbili za kwenda, mbili za kurudi, na nyingine za pembeni. Siku za kawaida asubuhi pale Taj Mall magari yamebanana, unavuka katikati ya mabampa kama unapita kati ya meza za sokoni. Gari lililosimama haliui mtu. Foleni ndiyo ilikuwa tuta letu. Korona ilipoondoa foleni ikaondoa na tuta, na magari yaliyobaki yakawa yanakuja kama yametumwa dawa.

Jioni ndiyo balaa lenyewe. Nairobi jua linazama karibu saa kumi na mbili na dakika arobaini, kafyu saa moja. Zile dakika ishirini giza linaingia, mwenye gari anawahi geti lake, mwenye miguu anawahi mlango wake, na karao, yaani polisi, wameshaanza kupanga vizuizi. Wote tunakimbia, wote tunaogopa rungu kuliko bampa.

Katikati ya barabara kulikuwa na uzio wa chuma. Nondo mbili zilikatwa zamani, za pembeni zimepindwa, na pale watu wanaposhika wakipenya rangi ilishatoka, chuma kinang'aa kama kitasa cha mlango. Kuna mama muuza chai alikuwa anapita hapo kila jioni, chupa mkononi, ndoo ya mandazi kichwani. Na ndoo haipiti. Inabidi aishushe, aiingize kwanza, aiweke ukingoni mwa lami upande wa pili, ndipo apenye yeye kwa ubavu. Siku moja ndoo imeshatangulia, yeye hajapita, pickup ikaisomba. Mandazi yakatapakaa njia zote mbili. Yule mama alibaki ameshika nondo. Hakupiga kelele. Alitoa simu akaangalia saa: saa moja kasoro dakika nane. Akapenya, akaendelea na safari bila ndoo.

Takwimu za NTSA, mamlaka yao ya usalama barabarani, zinasema hivi: mwaka 2019 walikufa watu zaidi ya 3,500 barabarani Kenya nzima. Mwaka 2020, ambao Nairobi ilifungwa kuanzia tarehe 6 Aprili mpaka Julai hutoki wala huingii, wakakaribia 4,000. Mwaka 2021 wakapita 4,500. Na kundi kubwa la waliokufa ni waenda kwa miguu. Aliyepumua ni nani hapo?

Ngoja nile kwanza, narudi.

#2 Fundi Spoku

Nimekaa siti ya mbele.

#3 Binti Kimara

Mkuu, usidhani Dar tulisalimika kwa kuwa hatukufungiwa ndani. Umesahau levo siti? Daladala hazikuruhusiwa kusimamisha abiria. Kwa mtu wa kituo cha kwanza ilikuwa raha, anakaa kama yuko kwenye basi la mkoani. Sisi wa vituo vya katikati gari zinapita zimeshajaa, konda anakupungia mkono tu. Unasimama saa nzima, mwisho unasema bora nitembee mpaka mbele huko.

Na kumbuka wakati ule Morogoro Road kutoka Kimara kwenda Kibaha ilikuwa inajengwa njia nane. Vifusi huku, mtaro huku, pa kupita mtu hapaeleweki. Ukitaka kuvuka unavuka kwa mafungu: unakimbia mpaka katikati, unasubiri kwenye kifusi, unasoma dua, unamalizia.

Kingine ambacho sioni watu wakikisema. Shule zilifungwa 17 Machi zikafunguliwa 29 Juni. Watoto miezi mitatu mtaani. Kila mtu anazungumzia barabara kuu, lakini mitaa yetu ya vumbi ndiyo iliyokuwa uwanja wao wa mpira, na bodaboda hazikupumzika. Mtoto wa jirani yangu alivunjwa mguu mita kumi kutoka mlangoni kwao. Kwenye njia ya shule alikuwa anavushwa na trafiki mwenye kibao. Nyumbani hakuna wa kumvusha.

#4 Dereva Mstaafu

Mtoa mada unahurumia upande mmoja. Nimeendesha magari makubwa miaka 22, Dar, Nairobi, mpaka Kampala. Hiyo Outering unayoisema ina madaraja ya waenda kwa miguu, nimepita chini yake mara nyingi sana. Watu wako chini ya daraja wanakata uzio! Mtu ana daraja juu ya kichwa halafu anaruka nondo kama swala. Akigongwa nani mwenye kosa? Dereva anawekwa ndani, gari linazuiliwa, mzigo unaoza. Yasemeni na hayo.

#5 Mtembezi wa Pipeline

Mzee wangu Dereva, shikamoo. Hoja yako ni ya kweli, sitaikwepa.

Kwanza daraja. Pale nilipokuwa navuka nilihesabu hatua. Kukata moja kwa moja ni hatua 34. Kwenda darajani, kupanda ule mzunguko wa mteremko, kuvuka, kushuka na kurudi mpaka nilipotaka kufika: hatua 910. Kwa kijana ni dakika tisa. Kwa yule mama na ndoo yake sijui. Halafu alfajiri saa kumi na moja kamili, kafyu ikiisha, daraja lile juu hapaonekani mtu. Wenzangu wawili waliporwa simu hapohapo juu, mmoja akapigwa na chupa. Tangu hapo mtu anapiga hesabu yake: juu kuna kisu, chini kuna gari, na gari angalau lina taa.

Pili, mwendo. Wewe unajua kuliko mimi. Dereva mzima, hajalewa, anatumia kama sekunde moja kushtuka kabla mguu haujagusa breki. Ukiwa na kilomita 80 kwa saa, sekunde hiyo gari limekula mita 22 bure. Jumlisha breki yenyewe kwenye lami kavu, mpaka gari dogo lisimame ni karibu mita 60. Ukiwa na 50 ni kama 28. Ukiwa na 30 ni 13. Mtu aliyejitokeza mita 20 mbele yako, kwenye 30 unamtukana tu mnaachana. Kwenye 80 unakuwa hata breki hujaigusa.

Cha kuchekesha, Februari 2020, wiki chache kabla dunia haijafungwa, mawaziri walikuwa Stockholm kwenye mkutano wa usalama barabarani, na azimio lao likasema pale watu na magari wanapochanganyika mwendo uishie 30. Wakarudi makwao, mwezi uliofuata barabara zikawa tupu, kila mtu akakanyaga mafuta.

Na hili si la Waafrika peke yao. Marekani mwaka 2020 maili zilizoendeshwa zilipungua kwa zaidi ya asilimia 10, lakini waliokufa barabarani wakafika 38,824, zaidi ya elfu mbili juu ya mwaka uliotangulia. Nchi ina lami, ina taa, ina kamera. Ukiifungulia barabara tupu, mguu unakuwa mzito.

#6 Wa Makerere

Samahani mkuu, hapo nakupinga kidogo. Nilikuwa Kampala nasoma. Kule tarehe 25 Machi usafiri wa umma ulipigwa marufuku, na tarehe 30 magari binafsi nayo yakapigwa stop. Boda ruksa kubeba mzigo, abiria hapana. Wakuu, ile ilikuwa barabara tupu ya kweli. Nilitembea katikati ya lami mchana kweupe, huku natafuna hindi. Watu wakatoa baiskeli za mababu zao stoo. Matairi yameoza, minyororo imeshika kutu, wanazo tu. Kuna wafanyabiashara wa vyakula waliambiwa walale sokoni humohumo, lakini waliobaki walikuwa wanakuja kwa miguu kutoka mbali sana, na sikuona wakigongwa.

Mateso yalikuwepo, msinielewe vibaya. Mjamzito kutembea mpaka hospitali usiku wa kafyu si usalama. Ila gari kumgonga mtu ilikuwa hadithi ya nadra. Juni teksi, yaani daladala za kule, zikarudi kwa nusu abiria, na hapo ndipo nikaanza kuyaona haya unayosema: magari machache, nafasi kubwa, watu bado wamezoea kutembea katikati. Wiki zile za kurudi ndizo zilinitisha kuliko kufungwa kwenyewe.

#7 Mtembezi wa Pipeline

Umenirekebisha na nakubali. Basi nisiseme barabara tupu. Nairobi haikuwa tupu, ilikuwa nusu. Tupu ni ya Kampala, na magari yaliondolewa kwa amri. Hiyo nusu ndiyo mbaya: gari lina nafasi ya kukimbia na mtu wa kumgonga yupo.

#8 Mlikoni

Assalaam aleikum nyote. Sisi wa Mombasa mmetusahau, na barabara yetu ina maji.

Tarehe 27 Machi, hiyo siku ya kwanza ya kafyu, watu walikuwa kivukoni Likoni wanatoka kazini, safu imefika mbali, kila mmoja ataka feri kabla ya saa moja. Askari wakaja na mabomu ya machozi na virungu kabla hata saa haijatimia. Watu wamelazwa chini, wamepangwa kama samaki mnadani. Hao wote ni watu wa miguu. Mwenye gari lake alikuwa amefunga vioo.

Lakini nami niseme na zuri. Feri ya Likoni huvusha watu zaidi ya laki tatu kwa siku, na korona ndiyo iliyofanya serikali ione kwamba msongamano ule ni hatari. Wakatujengea daraja la kuelea, kutoka Liwatoni mpaka upande wetu wa Likoni, kilomita moja na kitu, la watu wa miguu peke yao. Mwisho wa mwaka huohuo 2020 lilikuwa tayari, na Januari tukaanza kulipita. Lilikuwa na kipande cha katikati kilichofunguka kupisha meli. Miaka mingapi tumeambiwa daraja haliwezekani? Ukiwa juu yake asubuhi pepo zilivuma, maji yalikuwa chini ya miguu, na hakukuwa na honi hata moja. Mimi nilipenda. Mama yangu hakupenda, magoti yake na kilomita ile hayakupatana, akarudi kwenye feri na barakoa yake.

#9 Dereva Mstaafu

Mlikoni, hilo ndilo nasema mimi kila siku. Watu wapewe njia yao, gari libaki na yake. Sijakataa.

#10 Mswahili wa Kreuzberg

Habari za saa hizi. Niko Berlin tangu 2014. Mwishoni mwa Machi 2020 nikaona mafundi wa manispaa mtaani kwetu wanabandika mistari ya njano kwenye lami na kusimamisha vibao vya rangi nyekundu na nyeupe kama vya kuonya shimo. Nikajua bomba limepasuka. Kumbe wanachukua njia nzima ya magari wanawapa baiskeli. Kazi ya siku chache! Hoja yao: watu wanaogopa treni, wanahitaji nafasi ya kuachiana mita moja na nusu.

Kichekesho kikaja Septemba. Mwanasiasa mmoja wa chama cha AfD akaenda mahakamani, na mahakama ya kwanza ikampa ushindi: ugonjwa peke yake si sababu ya kuweka njia ya baiskeli, onyesheni kwanza kwamba hapo pana hatari ya barabarani. Mji ukakata rufaa, ukapeleka hesabu za magari na za ajali, na Oktoba mahakama ya juu ikazuia zisiondolewe. Nyingi zipo mpaka leo, siku hizi kwa rangi nyeupe. Kwa kifupi ile kesi iliwalazimisha kusema ukweli, kwamba hatari ilikuwepo kabla ya korona.

#11 Fundi Spoku

Sasa mmefika kwangu. Niko Ilala, natengeneza na kuuza baiskeli za mtumba. Mwaka ule watu walikuja ambao sijawahi kuwaona. Mhasibu, mwalimu, dada wa benki na visigino vyake virefu. Wote wanataka baiskeli "nyepesi". Na mzigo haukuwepo, kontena zilichelewa, dunia nzima inagombania baiskeli. Nilikuwa natoa fremu ya hii, naunga na magurudumu ya ile.

Nilichojifunza: mtu anauliza gia, anauliza rangi, anauliza kama inaweza kukunjwa. Breki haulizi. Taa haulizi. Nikimwambia ongeza kidogo nikufungie breki mpya za mpira na taa ya nyuma, anasema fundi nitarudi. Hawarudi. Mmoja alirudi, kabebwa.

Mtoa mada, wewe hukununua baiskeli kweli?

#12 Mtembezi wa Pipeline

Nilinunua fundi, na nilikuwa mmoja wa hao hao usiowapenda.

Juni nikapata Black Mamba kwa jirani. Kwa wasiojua, ndiyo ile chuma nzito ambayo sisi tunaiita Phoenix bila kujali kampuni. Breki za fito, kengele, keria ya kubebea kreti za mkate. Taa hakuna. Niliendesha siku kumi na moja nikijisifu kwamba saa na robo yangu ya kutembea imekuwa dakika ishirini na tano. Siku ya kumi na mbili, alfajiri saa kumi na moja na dakika ishirini, kioo cha pembeni cha gari dogo kilinigonga kiwiko cha kulia. Sikuiona, ilitoka nyuma. Nilichosikia ni "pa!" kama mtu kapasua biskuti, halafu nipo mtaroni na Mamba juu yangu. Gari lilipunguza mwendo, taa nyekundu zikawaka, nikajua anasimama. Zikazimika, akaenda zake. Simlaumu sana, giza lilikuwa bado, mtu mweusi kwenye baiskeli nyeusi bila taa. Lakini kiwiko mpaka leo hakinyooki vizuri. Kiwanda kilinikata mshahara wa siku nne.

Hapo ndipo nikaanza kusoma wengine walifanya nini. Bogotá, Kolombia, Machi hiyohiyo walipanga koni usiku, asubuhi watu wakakuta njia mpya za baiskeli makumi ya kilomita, baadaye zikapita 80. Nikajiuliza waliwezaje haraka hivyo. Jibu ni la kawaida kabisa: walianza 1974, na kila Jumapili wanafunga barabara kubwa watu watembee na kuendesha baiskeli. Koni wanazo stoo, vijana wa kuzipanga wanajua kazi, na madereva wameshazoea kuzikuta. Kigali nao walikuwa na siku zao za bila magari tangu 2016. Nairobi ilikuwa na nini stoo? Ilikuwa na karatasi. Sera ya jiji ya 2015 inasema asilimia 20 ya fedha za barabara ziende kwa waenda kwa miguu na baiskeli. Nimeisoma, imeandikwa vizuri.

Niwe mkweli, katikati ya jiji walijenga. Kenyatta Avenue, Wabera Street, Muindi Mbingu, njia pana za miguu, vitofali vizuri, miti. Nimepiga picha pale nikatuma nyumbani. Lakini watembea kwa miguu wa Nairobi hawaishi Wabera Street. Wanatoka Mukuru, Kayole, Kibera, na huko njia ni ukingo wa lami na matope. Halafu mwishoni mwa 2020 wakaanza kujenga barabara ya juu ya kulipia, kilomita 27 kutoka Mlolongo mpaka Westlands, na madaraja kadhaa ya miguu Mombasa Road yakang'olewa kupisha nguzo. Watu wakawa wanakimbia katikati ya mashine. Mei 2022 gari zikaanza kupita juu. Chini mnapajua.

#13 Binti Kimara

Pole sana kwa kiwiko. Na yule mama wa mandazi uliwahi kumwona tena?

#14 Mtembezi wa Pipeline

Nilimwona wiki hiyohiyo. Alibadilisha ndoo. Akawa anabebea kwenye mfuko wa sandarusi, mwembamba, unapita kwenye nondo pamoja naye.

#15 Fundi Spoku

Na Mamba iko wapi? Hizo fremu siku hizi zinatafutwa.

#16 Mtembezi wa Pipeline

Nilimwachia mlinzi wa geti nilipoondoka. Nilimfungia taa ya nyuma kabla sijampa, fundi, usinitukane.